Namna ya kukagua gereza ili hali ya wafungwa ibadilike

Gereza linaweza kutembelewa na watu wa heshima kila mwaka na wafungwa wakaendelea kulala wamebanana vilevile. Wageni huongozwa kwenye uwanja uliofagiliwa, hugawa sabuni, huandika kwenye kitabu cha wageni na kuondoka. Ukaguzi unaobadilisha hali unahitaji mambo matatu ambayo ziara ya namna hiyo haina: kupima kwa namba, kusoma vitabu vya gereza vyenyewe, na kurudi. Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye idhini ya kuingia: wakaguzi wa tume za haki za binadamu, mahakimu, mawakili, wasaidizi wa kisheria, madaktari, viongozi wa dini. Mkuu wa gereza anayetaka kulisafisha gereza lake naye anaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Kipimo unachotumia

Kipimo kinachotambulika duniani kote ni Kanuni za Kima cha Chini za Umoja wa Mataifa kuhusu Kuwatendea Wafungwa. Zilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1955, zikaandikwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Zipo 122. Kwa wanawake kuna nyongeza, yaani Kanuni za Bangkok za mwaka 2010. Nchi zilizoridhia Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Mateso, iliyoanza kutumika mwaka 2006, zinatakiwa pia kuwa na chombo cha kitaifa chenye haki ya kuingia mahali popote wanapozuiliwa watu, kuzungumza nao faragha na kuona rejista. Fahamu kama nchi yako ina chombo hicho na ni kipi, maana hicho ndicho kitakachopita pale wewe utakapozuiwa.

Beba Kanuni za Mandela pamoja na sheria ya magereza ya nchi. Ofisa anawajibika kwanza kwa sheria ya nchi yake, na ukianza na Umoja wa Mataifa utaambiwa hayo ni ya wageni. Nukuu sheria ya ndani palipo na kifungu, kisha Kanuni palipo na pengo. Kanuni ya kushika kichwani ni ya 3: kumnyima mtu uhuru tayari ni adhabu, na gereza halina ruhusa ya kuongeza mateso juu yake. Njaa, upele na giza havimo katika hukumu ya hakimu yeyote.

Vifaa na watu

Chukua futikamba ya mita 10, saa inayoonyesha sekunde, mizani ya chakula, mizani ya kupimia watu na kijiti cha kupimia urefu, kipimajoto cha chumba, kipimo cha klorini cha vidonge, daftari lililoshonwa (karatasi za kuchomoachomoa hupotea, na hazisimami vizuri kama ushahidi) na fomu zenye mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma. Dumu la lita 20 utalipata hukohuko. Simu na kamera mara nyingi huachwa langoni, kwa hiyo ombi la kuingia na kamera liandikwe na lijibiwe kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Nendeni watu wanne au zaidi kwa gereza kubwa. Awepo daktari au muuguzi asiyelipwa na gereza, na awepo mwanamke. Mkalimani asiwe askari wala mfungwa mwenzao. Mfungwa anayetafsiri malalamiko ya mwenzake anabaki ndani usiku ule, na kila mtu anajua alichotafsiri.

Saa ya kuingia na njia ya kupita

Fika kabla milango ya mabweni haijafunguliwa asubuhi. Nusu saa hiyo ina habari nyingi kuliko siku nzima inayofuata. Utaona wangapi wanatoka katika kila chumba, nani alilala kwenye korido au karibu na choo, ndoo ngapi zinatolewa na nani anazibeba, na utasikia hewa yenyewe ya ndani kabla haijapungua.

Kwa mkuu wa gereza kaa dakika 10, si saa nzima ya chai. Omba takwimu za siku hiyo kwa maandishi: waliohukumiwa, mahabusu, wanawake, watoto, wageni wa nchi nyingine, waliolazwa, walio kwenye vyumba vya adhabu, waliofariki tangu ukaguzi uliopita, na askari walio zamu. Uliza gereza lina uwezo wa watu wangapi na namba hiyo ilipatikanaje. Mara nyingi uwezo huongezwa kwa kuandika vitanda vya ziada kwenye karatasi, na chumba kinabaki kilekile.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye vyumba vya adhabu. Hivyo ndivyo vinavyoweza kumwagwa na kupigwa deki kwa nusu saa wakati wewe unaonyeshwa karakana ya useremala. Baada ya hapo ingia mapokezi ya wafungwa wapya, mabweni, jiko wakati wa kugawa chakula, zahanati, sehemu ya wanawake. Kikao cha pili na mkuu kiwe mwisho, na ndicho kirefu.

Kupima nafasi, hewa, maji na chakula

Neno "msongamano" peke yake halimlazimishi mtu kufanya chochote. Namba inalazimisha. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inapendekeza mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika chumba cha pamoja na 5.4 katika chumba cha mtu mmoja. Kamati ya Ulaya ya kuzuia mateso inataka 4 na 6, bila kuhesabu eneo la choo. Chagua kipimo kimoja, kitaje kwenye ripoti, na usikibadilishe katikati.

Pima urefu na upana wa ndani, toa eneo la choo, gawanya kwa idadi ya waliolala humo jana usiku. Mfano: bweni la mita 12 kwa 6 ni mita za mraba 72. Choo kinachukua 4, zinabaki 68. Kwa kipimo cha 3.4, humo wanatosha watu 20. Wakiwa 85, kila mmoja ana 0.8, eneo ambalo mtu mzima hawezi kujinyoosha. Andika pia saa ambazo mlango hufungwa kwa siku, kwa sababu 0.8 kwa saa 10 na 0.8 kwa saa 17 ni madhara mawili tofauti. Uliza maswali mawili yanayofungua mengine yote: mnageukaje usiku, na nani analala karibu na choo? La kwanza huonyesha kama watu hulala kwa ubavu na kugeuka kwa amri, au kwa zamu. La pili huonyesha kama nafasi ya kulala inauzwa, na kwa nani zinakwenda fedha.

Kuhusu mwanga na hewa, Kanuni ya 14 inataka dirisha linalomwezesha mtu kusoma kwa mwanga wa mchana na linaloingiza hewa safi. Jaribu: saa sita mchana, taa ikiwa imezimwa, soma gazeti ukiwa kona ya mbali kabisa na dirisha. Usipoweza, andika hivyo. Angalia kama madirisha yamezibwa kwa bati au matofali "kwa usalama". Kurudisha uwazi huo na kuweka nondo au wavu ni kazi ndogo ya fundi, na inapunguza kifua kikuu kuliko mabango kumi ya afya.

Maji yapime kwenye bomba lenyewe. Jaza dumu la lita 20 na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 80, bomba linatoa lita 900 kwa saa. Mabomba 6 ya namna hiyo yakitoka saa 4 kwa siku yanatoa lita 21,600, ambazo kwa watu 1,200 ni lita 18 kwa kila mmoja. Kima cha chini kinachotumika magerezani ni lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo gereza hilo limepita kwa kiasi kidogo, ila siku pampu ikiharibika halina akiba. Uliza tangi linabeba lita ngapi na umeme ukikatika siku mbili nini hutokea. Kisha nenda ndani ya bweni uone kama maji ya kunywa yapo baada ya kufungwa mlango. Gereza linaweza kuwa na maji mengi uwanjani na watu wakalala na kiu.

Pima klorini mwishoni mwa bomba la mbali, si tangini. Inatakiwa kubaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikiwa sifuri, kuna uchafu mwingi unaoila klorini au hakuna aliyeiweka. Palipo na watu wengi, kuharisha kwa wawili leo huwa mlipuko wiki ijayo, hivyo jambo hili lisisubiri ripoti: mwambie ofisa wa afya siku hiyohiyo.

Choo: tundu moja kwa watu 25, bafu moja kwa watu 50. Hesabu yanayofanya kazi tu, kwa kumwaga maji na kuangalia. Uliza anayekitumia choo usiku anaonekana na wangapi, maana ukuta wa kufika kiunoni ni gharama ndogo na unarudisha heshima kubwa.

Kwenye chakula, kosa la kawaida ni kuonja. Kuonja hakuthibitishi kitu. Simama stoo wakati wa kupima, pima mwenyewe unga na maharage yanayotoka, gawanya kwa idadi ya waliohesabiwa asubuhi, na ulinganishe na mgao ulioandikwa kwenye kanuni za gereza. Kisha pima sahani 10 za mwanzo wa foleni na 10 za mwisho. Chakula hupotea katika sehemu tatu: kati ya mzabuni na stoo, kati ya stoo na jiko, na kwenye upawa wa anayegawa. Tofauti ya mizani itakuambia ni wapi. Andika pia saa kati ya mlo wa mwisho na mlo wa kwanza wa kesho yake. Palipo na mlo mmoja tu kwa siku, saa tisa alasiri, pengo hilo hufika saa 24.

Dalili ya mwisho ni miili yenyewe. Chagua watu 40 kwa bahati nasibu, uzito kwa kilo ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 50 anapata 17.3. Chini ya 18.5 ni upungufu, chini ya 16 ni hatari inayohitaji tiba. Ukipata wengi walio chini ya 18.5, hakuna daftari la stoo litakalokupinga. Linganisha walioingia mwezi huu na waliokaa zaidi ya mwaka: kama wa zamani ndio wamekonda, tatizo ni gereza.

Vitabu vya gereza

Kanuni za Mandela zinataka kila anayeingia aandikwe: yeye ni nani, amefungwa kwa amri ipi, saa ya kuingia, majeraha aliyokuja nayo, ndugu wa kuarifiwa. Hakuna wa kupokelewa bila hati halali. Kaeni watu wawili na vitabu, mmoja asome, mwingine aandike.

Rejista ya adhabu ndiyo ya kusoma polepole. Kifungo cha upweke ni kukaa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu mwingine, na kikipita siku 15 mfululizo ni marufuku kabisa. Kwa hiyo tafuta majina yanayotoka siku ya 14 au 15 na kuingia tena baada ya siku moja. Tafuta pia walioandikwa "usalama" au "uchunguzi" badala ya adhabu, maana safu hiyo mara nyingi haina tarehe ya mwisho. Kutiwa chumba cha giza, kupunguziwa chakula au maji na kuadhibiwa bweni zima kwa kosa la mmoja vimekatazwa hata kwa siku moja. Kila adhabu iwe na kosa lililotajwa, nafasi ya mtu kujitetea na jina la aliyeamua.

Katika vitabu vingine ishara ni hizi. Rejista ya majeraha isiyo na jeraha hata moja kwa mwaka, penye mamia ya watu, haijazwi. Kurasa nyingi za tarehe tofauti zenye kalamu ileile na mwandiko uleule ziliandikwa kwa mkao mmoja. Sababu ya kifo iliyoandikwa "moyo ulisimama" haielezi chochote, kwa kuwa kila kifo huishia hapo. Kila kifo kinatakiwa kuripotiwa mara moja kwa mamlaka huru nje ya gereza, mwili uchunguzwe, ndugu waarifiwe na wapewe mwili wao. Fuata faili la kila marehemu mpaka uone barua hizo au ujue hazipo.

Kuzungumza na wafungwa

Hapa ndipo wema usio na utaratibu unapoumiza watu. Usizungumze na waliopangwa mstari na nyapara. Huyo ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wenzake, kitu ambacho Kanuni ya 40 inakataza, na mara nyingi yeye ndiye anayeuza nafasi za kulala. Chagua kwa rejista: palipo na watu 1,200, kila jina la 30 linakupa watu 40. Ongeza kwa makusudi walioingia ndani ya wiki moja, kwa kuwa majeraha ya polisi bado yanaonekana, waliotoka chumba cha adhabu mwezi huu, wenye ulemavu, wasiojua lugha ya hapo, na mahabusu wa muda mrefu kuliko wote.

Wingi huo una kazi nyingine: kati ya watu 40, hakuna atakayejua nani alisema nini. Ukizungumza na watatu tu, umewataja. Kila mmoja apewe muda unaokaribiana, hata asiye na la kusema, ili urefu wa mazungumzo usiwe ushahidi dhidi ya mtu.

Kaa mahali askari anaona lakini hasikii. Ofisi ya gereza haifai. Jitambulishe, mweleze huwezi kumtoa, kwamba hakuna malipo na anaweza kukataa. Usiulize "mnapigwa?" Swali hilo hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na yote mawili hayana thamani. Sema, "Nieleze siku uliyofika, tangu langoni." Mwache aende kwa mpangilio wa siku: kupekuliwa, kuvuliwa nguo, kulala, kula, kuugua, kuadhibiwa. Mambo ya chakula na maji ongea nao kwa vikundi. Ya vipigo, udhalilishaji na rushwa yawe ya mtu mmoja mmoja. Kabla hamjaachana uliza: nikilipeleka jambo hili, watajua limetoka kwako? Akisema ndiyo na akasita, liache, au liunganishe na ya wengine kumi.

Majina usiyaandike kwenye daftari la maelezo. Mpe kila mtu namba, na ufunguo wa namba, yaani karatasi inayoonyesha namba ipi ni ya nani, uondoke gerezani katika mfuko wa mtu mwingine. Maelezo kama "mwanamke mjamzito wa bweni la pili" ni jina tayari.

Mwenye jeraha aonwe na daktari siku hiyohiyo, maana alama nyingi za vipigo hufifia ndani ya siku chache. Daktari aandike mahali lilipo kwenye mchoro wa mwili, urefu kwa sentimita, rangi, umbo, na maneno ya mtu mwenyewe jinsi alivyolipata. Kisha atoe maoni kwa ngazi za Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika alama za mateso, ambazo huanzia jeraha lisilolingana na maelezo hadi lile lisiloweza kutokea kwa njia nyingine yoyote. Picha ipigwe na rula pembeni. Angalau nakala moja ihifadhiwe nje ya gereza.

Afya, na kinachoshindikana

Daktari wa gereza ni daktari kwanza. Hatakiwi kupitisha mtu kwamba "anaweza kuadhibiwa", na ofisa asiye wa tiba hana mamlaka ya kufuta uamuzi wake. Kila anayeingia apimwe mapema. Saa 24 ni lengo linalowezekana hata penye muuguzi mmoja. Maswali manne ya kifua kikuu huchukua dakika mbili: unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito? Gerezani kikohozi cha siku yoyote kinatosha kupeleka makohozi maabara. Usisubiri wiki mbili.

Upele unastahili neno lake, kwa sababu unatibiwa vibaya karibu kila mahali. Mgonjwa mmoja hupakwa dawa, hurudi kwenye godoro lilelile, na baada ya wiki chache daftari husema dawa haifanyi kazi. Tiba ni kwa chumba kizima siku moja, wenye dalili na wasio nazo, kuanzia shingo hadi nyayo. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyo, au yafungwe kwenye mifuko kwa siku tatu zisizopungua. Rudia baada ya wiki moja hadi mbili. Bila blanketi za akiba za kubadilishia, usianze. Tafuta blanketi kwanza.

Sehemu nyingine inayovuja ni siku ya kuhamishwa au kuachiwa. Mwenye dawa za kifua kikuu, VVU, kifafa au kisukari aondoke na dawa za wiki mbili hadi nne na barua ya tiba, na hilo liandikwe kwenye orodha ya mlinzi wa lango.

Wanawake, na watoto walio pamoja nao

Walinzi wao wawe wanawake. Askari mwanaume asiingie sehemu yao bila askari mwanamke. Pedi zitolewe bure: hesabu pakiti stoo, gawanya kwa idadi ya wanawake, kisha uwaulize mwezi uliopita walipata ngapi. Pingu haziruhusiwi wakati wa uchungu, wa kujifungua, wala mara baada ya hapo, na mjamzito, anayenyonyesha au mwenye mtoto mchanga hawekwi kifungo cha upweke. Mtoto anayekaa na mama yake si mfungwa. Apate mgao wake wa chakula, chanjo zake na kadi ya kliniki. Magereza mengi humlisha kutoka kwenye sahani ya mama kwa kuwa hayumo kwenye hesabu ya asubuhi, kwa hiyo dai la kwanza ni kuingizwa kwenye hesabu ya jiko.

Msongamano hutibiwa mahakamani

Karibu theluthi moja ya walio magerezani duniani hawajahukumiwa, na katika nchi nyingi ni zaidi ya nusu. Idadi ya mahabusu ni wanaoingia kwa siku mara siku anazokaa kila mmoja kwa wastani. Wakiingia 10 kwa siku na kukaa siku 120, gereza litakuwa na 1,200. Wastani ukishuka hadi siku 90, watabaki 900, na hakuna ukuta uliojengwa.

Kwa hiyo pamoja na karani wa gereza tengeneza jedwali: namba ya kesi, kosa, adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo, tarehe ya kuingia, tarehe ya mwisho kufika mbele ya hakimu, tarehe ijayo, masharti ya dhamana. Lipange kwa siku za kukaa, kisha weka alama kwa makundi matano: waliokaa zaidi ya adhabu ambayo wangepewa, waliopewa dhamana wakashindwa kuitimiza, ambao hati yao ya kushikiliwa imekwisha muda, ambao faili halionekani, na wagonjwa sana, wajawazito na watoto. Wa kundi la kwanza na la tatu wapelekwe kwa hakimu wiki hiyo. Wa dhamana waombewe masharti mepesi kwa fomu moja, majina mengi. Kwa faili zilizopotea, namba ya kesi itafutwe kituo cha polisi alikokamatwa, kwa sababu mara nyingi herufi za jina zimeandikwa tofauti.

Jedwali hili lipelekwe kila mwezi kwenye kikao cha mahakama, waendesha mashtaka, polisi na gereza. Kikao kinachokufa ni kile kisicho na orodha ya majina mezani. Uliza pia juu ya gari la kupeleka watu kortini. Kesi nyingi huahirishwa kwa sababu hakukuwa na mafuta, na hakimu akaandika tu "mshtakiwa hakuletwa".

Sanduku la malalamiko

Mfungwa ana haki ya kulalamika kila siku, na barua yake kwa mahakama au makao makuu haitakiwi kuchujwa maudhui yake. Sanduku liwe la chuma, na ufunguo wake usikae na mtu wa gereza. Liwekwe njiani kuelekea bafuni au zahanati, ambako kila mtu hupita. Likiwa mlangoni pa ofisi, kulikaribia tu ni kujitangaza. Lifunguliwe kila wiki na watu wawili kutoka nje, kila karatasi ipewe namba, na jibu lirudi ndani ya siku 14, hata kama ni la kusema "tunafuatilia". Toa karatasi na kalamu kwa kila bweni, vinginevyo sanduku litakuwa tupu na mtu atasema hakuna malalamiko. Kwa wasiojua kuandika, msaidizi wa kisheria apite kila wiki siku ileile.

Ripoti, na kurudi

Kikao cha mwisho na mkuu kianze na yanayoweza kufanyika wiki hii bila fedha: kufungua madirisha yaliyozibwa, kuwatoa waliopita siku 15 kwenye kifungo cha upweke, kuruhusu saa moja ya nje kila siku, kuruhusu maji ndani ya mabweni usiku, kuondoa nyapara kwenye ugawaji wa chakula. Yanayohitaji fedha yaende kwa mwenye fedha, si kwake. Msikilize pia kuhusu askari wake: askari wawili wanaolinda watu 400 usiku hufunga milango mapema na kutumia nyapara na fimbo kwa sababu ya hofu. Pendekezo la kuongeza zamu ya usiku ni pendekezo la haki za wafungwa.

Kila pendekezo liwe na sentensi moja yenye mhusika, kitendo, tarehe na namna ya kuthibitisha: "Ofisa wa afya wa gereza apime klorini kila asubuhi kuanzia tarehe fulani na kuandika kwenye kitabu kitakachokaguliwa." Mapendekezo 10 ya namna hiyo yanashinda 60 yanayoanza na "serikali iboreshe". Tuma ripoti ndani ya siku 30, omba jibu la maandishi kwa kila pendekezo, kisha amua litakalochapishwa hadharani.

Rudi kati ya wiki ya nne na ya nane bila kutoa taarifa. Siku hiyo, kabla ya kupima chochote, toa ule ufunguo wa namba na uwatafute watu wale 40 wakiwa wamechanganywa na wengine 40 ambao hukuzungumza nao. Angalia nani amehamishwa, nani ameingia chumba cha adhabu, nani amenyimwa kutembelewa na ndugu. Ikiwa waliozungumza nawe wamehamishwa au kuadhibiwa zaidi ya wale wengine, acha yote, andika kwa mamlaka ya juu ya magereza na kwa hakimu siku hiyohiyo, na fuata kila aliyehamishwa hadi gereza alikopelekwa. Wakiwa salama wote, ndipo utoe futikamba uingie bweni la kwanza.